Ubeti Uliolala Nyumbani Kwetu

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochachuka si harufu ya kusifiwa. Wageni waliofika kwetu Akheri msimu wa mavuno waliziba pua na kuuliza nani amemwaga pombe, na nzi waliitikia mwaliko kutoka kila pembe ya mlima. Lakini mimi nikiisikia leo, hata kwa mbali, moyo unachangamka na kichwa chenyewe kinaanza kutafuta vina. Nairudia asubuhi yenye ukungu mzito, mlima Meru umejifunika kana kwamba nao unasikia baridi, migomba inadondosha maji shingoni mwa kila apitaye chini yake, na kutoka ng'ambo ya mfereji inasikika mashine ya kumenyea kahawa ya Baba Mdogo Anaeli ikikoroma. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikaa bomani mjini Arusha, na sisi watoto tuliamini kwamba dunia yote hulima kahawa na ndizi, isipokuwa mahali panapotoka chumvi.

Baba Mdogo Anaeli alikuwa mdogo wake baba, na kihamba chake, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kilipakana na chetu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusimama katikati ya njia na ndoo mkononi akisahau alikokuwa anakwenda. Alikuwa mshairi. Tena hakuwa mshairi wa kurithi, maana kwetu tulizungumza Kimeru, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shuleni, kanisani na sokoni Tengeru. Ushairi aliupata dukani. Alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi kwa Mhindi mmoja mjini Arusha, kazi ya kufunga sukari na misumari, na vitu hivyo vilifungwa kwa magazeti ya zamani. Kwenye magazeti kulikuwa na mashairi yaliyotumwa na watu wa pwani, yenye vina kati na vina mwisho. Yalimwingia kama homa. Alisoma kila kipande kabla ya kukikunja, na kwa kuwa karatasi zilikuwa zimekatwakatwa, alijifunza mashairi mengi yasiyo na mwisho. Ndiyo sababu mashairi yake ya kwanza yalikatika ghafla, na wasikilizaji walibaki wakimtazama wakidhani amebanwa na kikohozi.

Ubaya mwingine wa shule hiyo ya misumari ni kwamba washairi wale wa magazetini waliandika juu ya vitu vya kwao. Basi Baba Mdogo naye, aliyezaliwa mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni mto Nduruma ukifurika, akawa anaandika juu ya lulu, mawimbi na minazi. Alidhani ndivyo ushairi ulivyo. Kwamba bila bahari hakuna ubeti, kama vile bila chumvi hakuna machalari ya ndizi. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, nasi sote tulitembea naye gizani kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na taa.

Taa iliwashwa kwenye harusi. Binti wa jirani aliolewa, na Baba Mdogo akaombwa shairi. Alisimama amevaa koti la baba, akasoma kwa madaha, na alipofika kwenye kumsifu bibi harusi akasema: *Macho yake kama pweza, arukaye baharini.* Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama wa bibi harusi alifuta machozi. Lakini palikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa Tanga, ambaye lori lake ndilo lililowaleta wageni. Yule bwana aliinama, mabega yakaanza kumtikisika, mpaka sahani ya ndizi ikamponyoka.

"Bwana mshairi," akasema alipopata pumzi, "samahani sana. Pweza unamjua wewe?"

"Ni ndege," Baba Mdogo alijibu. "Ndege wa baharini."

"Ana miguu minane na hana mfupa hata mmoja. Sisi tunamtwanga kwa fimbo kwanza, ndipo tunampika."

Kuuliza si ujinga, lakini Baba Mdogo hakuwa na wa kumuuliza, wala hakujua kwamba kuna swali. Kicheko cha siku ile kilishuka mteremko mzima na nadhani kilifika Usa River kabla ya jua kuzama. Bibi harusi, ambaye alikuwa na macho mazuri tu ya kawaida, alilia akaingia ndani. Kesho yake Baba Mdogo alichuma jani la sale, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha, akaenda nalo kwa wazazi wa binti. Walilipokea, maana sale halikataliwi. Lakini hakuna desturi inayomkataza mtu kucheka baada ya kusamehe, na tangu siku hiyo watoto wa barabarani walimwita Pweza.

Baba yangu hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Alijua kusoma Biblia na kuandika jina lake, na aliona kwamba zaidi ya hapo wino ni wa kuchafulia mikono tu. Miti yake ya kahawa ilipogolewa ikapendeza kama vichwa vya watoto Jumapili. Ya Baba Mdogo ilikuwa na matawi kila upande, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akishika mkasi, anakata tawi moja, kisha anapata kina cha kati na kusahau tawi la pili. Mwaka uliofuata chama cha wakulima kilikuwa kinajenga ghala jipya, na kamati, ama kwa wema ama kwa kutaka kicheko kingine, ikamwomba Baba Mdogo atoe shairi siku ya kulifungua. Baba aliposikia alikwenda nyumbani kwa bibi, mama yao, akamkuta mdogo wake anakula loshoro, mahindi yaliyopikwa kwa maziwa mgando. Mimi nilikuwa mlangoni nikipepeta mahindi, nikasikia yote.

"Anaeli, kamati wamekuomba, siwezi kuwazuia," baba alisema. "Ila ukitutia aibu tena mbele za watu, mashairi basi. Utashika mkasi upogoe kahawa yako kama wenzako."

Baba Mdogo aliweka bakuli chini. Alimtazama bibi, akamtazama baba. "Sawa, kaka," akasema. "Mama ni shahidi."

Bibi, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo na bei ya maharage, aliuliza kwa Kimeru wamekubaliana nini. Alipoelezwa alisema haidhuru, ilimradi bakuli liishe.

Nilishikwa na woga siku ile, na nieleze kwa nini. Nyumbani kwa Baba Mdogo ndiko mahali pekee ambapo mtu mzima alituuliza sisi watoto tunafikiri nini, kisha akangoja jibu. Mashairi yakikoma, niliona wazi, jioni zile nazo zingekoma, na yeye angekuwa mtu mzima kama watu wazima wengine. Kwa hiyo siku chache baadaye alipotuita watatu, kaka yangu Naftali, rafiki yangu Raheli wa nyumba ya pili, na mimi Ndeshi, nilikwenda mbio mpaka nikaacha kanga kwenye ua.

Alitukalisha kwenye magunia karibu na mashine akauliza tunakumbuka nini katika shairi la harusi. Tulitazamana. Raheli, ambaye hakuwa na adabu ya kuogopa ukweli, akasema, "Pweza." Naftali akasema pweza. Nami nikasema pweza. Akauliza, na lulu je? Na mwezi juu ya mawimbi? Hakuna aliyekumbuka lulu wala mwezi. Badala ya kukasirika alichezea maganda mekundu ya kahawa, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta tangu enzi za sukari na misumari. Alituambia kwamba neno ni kama mgeni. Likifika kichwani likakosa pa kukaa, linaondoka bila kuaga. Pweza alipata pa kukaa kwenye kicheko. Lulu haikupata hata kigoda, kwa sababu hapo tulipo hakuna aliyewahi kuishika.

Akatunga sheria mbili. Ya kwanza, hatatia katika shairi kitu ambacho hajakigusa kwa mkono au kukanyaga kwa mguu. Ya pili ilituhusu sisi. Kuanzia siku ile ubeti hautaandikwa kwenye karatasi kabla haujalala kichwani mwa mtoto. Jioni atampa kila mmoja ubeti wake kwa mdomo, tutakwenda nao nyumbani, tutalala nao, na asubuhi tukienda kuchota maji mferejini tutaurudisha. Ukirudi mzima, ndio ubeti. Ukirudi umevunjika, kosa halitakuwa la mtoto.

Na kweli, hakuwahi kutukaripia. Aliukaripia ubeti. Naftali akirudi asubuhi amesahau mstari wa tatu, Baba Mdogo alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Mvivu huyu. Amelala njiani." Alimaanisha mstari. Kisha alitaka kujua tulipopotea tulijaza nini, maana mtoto aliyesahau neno hakai na shimo, hulifukia kwa lolote alilo nalo. Mara nyingi alilipokea neno letu akalitupa lake. Mfereji wa ubeti wa Naftali, ambao kwanza ulikuwa "ukimiminika kwa fahari", ulipolala kichwani kwa kaka yangu uliamka umekuwa jambo tulilolijua sote: *Mfereji waamka, kabla ya jua kuchoma.* Baba Mdogo alirudia mstari ule kama mtu anayeonja mchuzi, akasema afadhali, sasa una maji.

Mizani aliihesabu kwa mashine. Alishika mkono wa kuzungushia, mimi au Raheli tukimimina kahawa mbivu juu, naye akasema mstari kwa sauti akizungusha: silabi moja, nusu mzunguko. Mstari ukiwa sawa, nane kwa nane, mashine ilikwenda kwa raha na kahawa ikatoka nyeupe na telezi upande wake, maganda upande wake. Mstari ukizidi silabi, mkono ulikwama katikati na mashine ikapiga kelele ya kulalamika. Sijui kama mashine ilikuwa inajua mizani au ni bega la Baba Mdogo lililosita. Ninachojua ni kwamba kahawa yake mwaka ule ilimenywa vizuri kuliko miaka yote, na mama alisema laiti angegundua ushairi wa namna hiyo mapema.

Sasa nije kwenye ubeti wangu, ule wa mwisho. Nyumbani nilikuwa na sifa ya kuwa na kichwa tenga. Nikitumwa chumvi nilirudi na kiberiti. Nikitumwa kiberiti nilirudi mikono mitupu nikiwa nimesimama njiani kutazama siafu. Naftali aliapa kwamba nitalipoteza shairi lote pamoja na kikapu. Lakini Baba Mdogo alinipa wa mwisho makusudi. Alisema ukitaka kujua kama ndoo haivuji huijaribu kwa maji, na ukitaka kujua kama ubeti unashika uujaribu kwa Ndeshi. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikaamua nimesifiwa.

Ubeti wenyewe ulikuwa juu ya kahawa na sisi wenyewe. Sharti niseme kwamba katika kihamba chetu kizima hapakuwa na mtu aliyekuwa akinywa kahawa. Tuliikuza, tuliichuma, tuliimenya, tuliianika vichanjani na kuigeuzageuza kama watoto wachanga, kisha lori likaja likaichukua. Tulikunywa chai ilipopatikana, na uji isipopatikana. Baba Mdogo alikuwa ameligusa jambo hilo kwa mkono miaka yote bila kuliona. Mistari mitatu ya kwanza ilikuja haraka na kukaa kichwani mwangu kama kupe:

*Twaipanda kwa mikono, twaichuma kwa baridi,*
*Lori huja kwa mavuno, laondoka halirudi,*
*Wanywao wana maneno, husifu ladha zaidi,*

Mstari wa nne ndio uliotutesa. Wa kwanza alionipa ulimkumbuka mgeni rasmi: *Twashukuru sana mno, Bwana Shauri azidi.* Nilifika nao kwenye mfereji, nikaruka, na niliposhuka upande wa pili ulikuwa umekwisha. Asubuhi nilirudisha mistari mitatu na aibu. Akanipa mwingine: *Sisi twayasaga meno, machozi hayana budi.* Huo nao uliisha usiku, na Raheli alipoutafsiri kwa bibi, bibi akauliza ni nani anayelia siku ya kufungua ghala. Akaleta wa tatu, wa nne, sikumbuki ni mingapi, na hapo ndipo palipo na ushahidi wa kanuni yake, kwamba siikumbuki. Mwisho kabisa, juma lenyewe la sherehe, alinipa huu: *Tusilegee viuno, tuongezeni juhudi.* Nilirudi nao asubuhi ukiwa mzima. Baba Mdogo alishusha pumzi, lakini hakucheka. Alisema umeshika, ila umeshika kama mzigo wa kuni, si kama mtoto mgongoni.

Jioni zote hizo nilikuwa nikikariri nyumbani. Nilikariri nikimenya ndizi, nikikoka moto, nikiosha miguu. Mama alizoea mpaka akawa anatwanga kwa kufuata mizani. Baba alikaa mlangoni na jiwe lake la kunolea, mara panga, mara mkasi wa kupogolea, ametugeuzia mgongo. Jiwe lilikwenda, shwa, shwa, shwa, nami nikikwama kwenye mstari wa nne nalo linasimama. Nikianza upya, nalo linaanza. Nilidhani anakerwa. Mara moja moja aliuliza bila kugeuka, "Amekupa mwingine?" Nikajibu, "Ndiyo, baba." Nikausema. Akasema, "Huo nao utaanguka," na akaendelea kunoa. Nilimwona ni mtu anayengoja kwa hamu mdogo wake ashindwe, na nilimchukia kidogo kwa hilo, kadiri mtoto wa kwetu alivyoruhusiwa kumchukia baba yake, yaani kimoyomoyo na kwa muda mfupi.

Jioni moja nilimuuliza Baba Mdogo kwa nini anajisumbua. Nilimwambia angeshika tu mkasi kama baba anavyotaka, baba angefurahi, bibi angefurahi, na watoto wa barabarani wangeacha kumwita Pweza. Aliacha kuzungusha mashine. Mikono yake ilikuwa inateleza kwa utomvu wa kahawa, akaifuta kwenye jani la mgomba taratibu.

"Ndeshi, tunacholima hapa chote kinaondoka na lori," alisema. "Ukiacha ndizi."

"Na maharage," nikasema.

"Na maharage. Nataka tulime na kitu kingine kimoja, ambacho ukikitoa kinabaki. Ubeti nikikupa wewe, mimi sipungukiwi. Ukimpa Raheli, wewe hupungukiwi. Zao gani lingine lina tabia hiyo?"

Nilifikiri sana. Nikasema chawa. Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na siku ile hatukumenya kahawa tena.

Siku ya ghala ilifika na jua lake. Watu walijaa kuanzia mlangoni hadi barabarani, wanawake wamevaa kanga mpya, wazee wamevaa makoti ya baridi kwenye joto kwa kuwa ndiyo makoti mazuri waliyo nayo. Mchungaji aliomba sala ndefu. Mshili, mkubwa wa ukoo wetu, alisema maneno machache yaliyochukua muda mrefu zaidi ya sala. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti mbele, kaptura imepigwa pasi, magoti yake mekundu yakielekea kwa watu. Yule bibi harusi alikuwepo pia, mtoto mgongoni, mbele kabisa, amekunja mikono. Baba alisimama nyuma kwenye magunia, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuonekana.

Baba Mdogo alipoitwa alisimama bila karatasi. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Leo hakuna pweza?" na bibi harusi mwenyewe akawa wa kwanza kucheka, jambo lililotupa nafuu sote. Baba Mdogo alikubali kicheko kile kwa kuinamisha kichwa. Kisha akasema karatasi zake ni hizi, akatuonyesha sisi watatu, na akatupandisha mmoja mmoja juu ya kreti.

Naftali aliutoa mfereji wake kwa sauti kama ya karani wa mnada. Raheli alitoa wa akina mama na vichanja, akausema akiyumba kidogo, na wanawake wengi waliosimama mbele waliusema pamoja naye, kwa sababu Raheli alikuwa ameupitisha katika kila jiko la mtaa wetu. Nikaona mshili anatikisa mguu. Nikapanda mimi. Nilisema mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu walinyamaza kimya kisicho cha adabu, kimya cha kusikiliza. Hapo nikatazama chini, nikayaona magoti ya Bwana Shauri. Sikuwa nimewahi kuona magoti ya mtu mzima yenye rangi ile, yenye vinyweleo vya manjano, na wakati nikiyashangaa mstari wa nne uliteremka kutoka kreti ukaenda zake.

Nilimgeukia Baba Mdogo. Alikuwa amefumba macho. Hakunisaidia, kwa sababu katika msimu mzima hakuwahi kumsaidia mtoto aliyekwama. Ingekuwa kuudanganya ubeti. Nilijua, naye alijua, na baba kule nyuma alijua, kwamba kimya kile kikiendelea kidogo tu kitageuka kicheko, na kicheko hicho ndicho kitakachomkabidhi mkasi. Kijana mmoja alikwisha anza, "Pwe..." 

Ndipo sauti ikatoka kwenye magunia, sauti nzito ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu:

*Jasho letu ndilo wino, kahawa ndiyo shahidi.*

Ilikuwa sauti ya baba. Vichwa vyote viligeuka. Yeye alikuwa akitazama paa la ghala kana kwamba anakagua misumari. Nilirudia mstari ule mara moja, kwa nguvu zangu zote, kabla haujanitoroka, na niliporudia nikaona kwamba haukuwa na mpango wa kutoroka. Vigelegele vikapanda. Mshili aliusema polepole kwa jirani yake, jirani akampa mwingine, na nikauona ukisafiri kutoka mdomo hadi mdomo mpaka barabarani. Bwana Shauri alimwinamia karani wake, karani akamnong'oneza, naye akapiga makofi akitazama magunia ya kahawa badala ya kutazama watu.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya migombani, baba mbele, Baba Mdogo nyuma yake, mimi nyuma yao. Tukafika mferejini.

"Kaka," Baba Mdogo akasema, "ule mstari si wangu."

"Mtoto aliuleta hivyo nyumbani," baba alijibu.

Wote wawili wakageuka kunitazama. Sikuwa nimeuleta hivyo. Sikuwa nimeuleta hata karibu na hivyo. Nililikumbuka jiwe la kunolea likisimama na kuanza, likisimama na kuanza, jioni baada ya jioni, na mgongo ule uliotugeukia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitazama vidole vya miguu yangu, na baba akaruka mfereji akaendelea na safari. Baba Mdogo alibaki ng'ambo kwa muda, ameshika kiuno, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Habari ya mkasi haikuzungumzwa tena. Shairi lilipoandikwa hatimaye, ili litumwe gazetini, Baba Mdogo alikuja kumuuliza baba aweke jina gani kwenye mstari wa mwisho. Baba akasema aweke lake mwenyewe, yeye ana kahawa ya kushughulikia. Na msimu ulipokwisha, asubuhi moja tuliamka tukamkuta baba ameingia katika kihamba cha Baba Mdogo na mkasi wake ulionolewa, anapogoa miti ile yenye matawi kila upande. Bibi alimuuliza anafanya nini kwa mwenzake. Alijibu kwamba mtu hawezi kufanya kazi mbili. Nilisimama nyuma ya mgomba nikasikiliza mkasi. Ulikata, ulikata, ulikata, kisha ukapumzika kidogo, kisha ukaanza tena. Sikuhitaji kuhesabu mizani.

Miaka imepita mingi, na wote wawili wamelala chini ya migomba ile ile. Vihamba vimegawanywa vipande. Penye kahawa sasa pana parachichi na nyumba za kupangisha. Ghala lile linauza mitungi ya gesi. Mashine ya Baba Mdogo imeliwa na kutu, mkono wake umegoma kabisa, na kuku wanalalia humo. Kahawa ya mwaka ule ilinywewa kitambo na watu tusiowajua, na wala sijui kama waliisifu. Mimi nimekuwa bibi, nimefundisha darasani mpaka nikastaafu, na nimetunga beti zangu ambazo baadhi zimeshika na nyingi zimelala njiani. Leo ningeweza kusema dunia imeharibika, watoto hawabebi kitu kichwani, lakini nisingekuwa mkweli. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa tenga, na simu haikuwa imeletwa.

Mjukuu wangu Neema anasoma chuoni Makumira. Juzi jioni alinipigia, nikamwambia nina ubeti nataka aulaze. Akasema, "Bibi, nitumie tu kwa meseji, nitau-save." Nikamwambia simu haina usingizi, kwa hiyo haiwezi kulaza kitu, asikilize. Nikamsomea ubeti wa kahawa, mistari yote minne, mara moja, nikakata. Sikumwambia ni wa lini wala ni wa nani, kwa sababu kwenye gazeti liliandikwa jina moja, na nilikuwa nimeliacha hivyo kwa kumheshimu aliyetaka hivyo.

Asubuhi simu ikalia kabla sijamaliza chai. Alianza bila salamu, jambo nililomsamehe. Mstari wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili aliweka "hurudi" badala ya "halirudi", akajisahihisha. Wa tatu aliuvunja, akaujaza kwa maneno yake, na yalikuwa maneno mazuri, nikayaandika pembeni. Wa nne aliusema moja kwa moja bila kutafuta.

"Shikamoo bibi," akakumbuka. "Huu wa mwisho haukunipa shida kabisa. Ni wa nani?"

"Marahaba," nikasema. "Ni wa baba yangu. Hebu useme tena."